Kamera ya Kidevuni

Mfupa wa bega ulipona kwa wiki saba. Kilichokataa kupona ni maneno ya yule dereva wa pikapu.

Lenzi alikuwa anatoka kazini, saa kumi na moja jioni, jua bado kali. Taa ilikuwa imemruhusu, na mwendo wake ulikuwa wa kawaida. Pikapu iliyobeba magodoro, iliyokuwa inatoka upande wa pili, ikakata kulia mbele yake bila hata kuwasha indiketa. Akakamata breki, pikipiki ikateleza, akaenda chini kwa bega la kushoto. Watu wakajaa. Wakamwinua, wakampa maji, wakamwambia pole. Lakini askari alipofika na kuuliza nani aliyeona, kila mmoja akakumbuka kwamba ana safari yake. Dereva wa pikapu, bila kupepesa macho, akasema huyu dada alikuja mbio kama mtu anayefukuzwa, wala haoni mbele. Askari akaandika la huyu, akaandika la yule, akafunga daftari. Mwisho wa yote waliambiwa kila mtu akatengeneze chombo chake mwenyewe.

Lenzi si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kazini, kwenye zahanati ya macho, alikokuwa fundi wa miwani. Chumba chake kilikuwa cha nyuma kabisa, hakina dirisha, kina mashine ya kusagia vioo inayonguruma kutwa na sinki lisilokauka. Daktari akishapima macho mbele, karatasi ilikuja kwake, naye alikata kioo, akakisaga ukingo, akakipachika kwenye fremu. Miaka kumi na miwili alikuwa anawasaidia watu waone vizuri. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba yeye mwenyewe hakuona pikapu nzima yenye magodoro manane, ilimuuma.

Baya zaidi, hata baba yake hakumpa haki yake.

Baba yake aliitwa Mwalimu na mtaa mzima, kwa kuwa alifundisha udereva kwa miaka thelathini na mmoja. Alipenda kusema kwamba nusu ya madereva wa mji huu aliwafundisha yeye, na nusu ya pili ndiyo inayosababisha ajali. Nyonga zake zote mbili zilikuwa zimechoka. Alitembea kwa kuegemea fremu ya chuma kutoka kitandani hadi sebuleni, na sebuleni hadi dirishani, basi. Waliishi ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nne, na mzee alikataa katakata kubebwa mbele za watu. Alikuwa na miaka minne hajakanyaga chini.

Jioni ile ya ajali, Lenzi aliporudi mkono umefungwa shingoni, mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Na wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

"Baba! Mimi ndiye niliyegongwa."

"Nimesikia. Nauliza ulikuwa unaangalia wapi."

Siku mbili hawakusemeshana zaidi ya "chakula tayari" na "asante". Siku ya tatu Lenzi aliamua: hatapanda tena pikipiki bila shahidi. Na kwa kuwa mashahidi wenye miguu hukimbia, atanunua asiye na miguu.

Akaingia dukani akiwa bado hawezi kuinua mkono vizuri. Muuza kamera alikuwa kijana mchangamfu mwenye maneno mengi. Akamtolea kamera ndogo kama kiberiti, akaisifia: inazama maji mita kumi, ukiirusha kutoka mlimani haivunjiki, inapiga picha za polepole hadi unaona mbawa za nyuki.

"Kaka," Lenzi akamwambia, "mimi naenda kazini na kurudi."

Kijana akacheka, lakini Lenzi alikuwa na maswali yake ameyaandika. Betri inakaa muda gani? Saa moja na robo. Inatoka, ama imefungwa humo ndani? Ile ya bei kubwa ilikuwa imefungwa ndani. Ya mwaka jana ilikuwa inatoka. Kadi ikijaa inafanya nini, inazima au inafuta za zamani na kuendelea? Na je, inaweza kusoma namba ya gari linalokwenda, jua likiwa mbele?

"Hilo la namba sijawahi kuulizwa," kijana akakiri.

"Basi tukajaribu."

Wakatoka nje wote wawili, duka likabaki na mlinzi. Lenzi akashika kamera ya kwanza akatembea haraka kandokando ya magari yanayopita, kisha ya pili, kisha ya tatu, huku kijana akimfuata na visanduku mkononi. Waliporudi wakatazama picha kwenye kompyuta. Ile ya bei kubwa ilionyesha kila kitu, barabara nzima, majengo ya pande zote, hadi kiatu cha Lenzi, lakini magari yalionekana kama yako mtaa wa pili.

"Hii inaona upana wote, dada. Hakuna kinachoikwepa."

"Ndiyo ubaya wake. Ikitaka kuona yote, inavisukuma vitu mbali na kuvipinda pembeni. Mimi kazi yangu ni vioo, usinidanganye. Hii nyingine inaweza kupunguzwa upana?"

Ikapunguzwa. Namba zikasomeka. Akachukua ile ya mwaka jana, na betri mbili za akiba.

Kuinunua kulikuwa rahisi kuliko kuitumia. Bega lilipopona, kwanza aliifunga kifuani kwa mikanda. Akajikuta amerekodi mikono yake miwili na mshale wa spidi, barabara ikionekana kwa bahati. Akaihamishia kwenye usukani. Picha ikatetemeka hadi ukiitazama unaona kizunguzungu. Alipotaka kuibandika juu ya helmeti, Mwalimu, ambaye tangu siku ile ya mkono shingoni alikuwa anaongea naye kwa vipande, akapaza sauti kutoka dirishani.

"Usijiwekee pembe kichwani! Ukianguka, hiyo itashika lami na shingo itabaki inazunguka. Weka chini, kidevuni. Na kishikio kiwe chepesi, kikivutwa kibanduke."

Akaweka kidevuni. Alisafisha helmeti kwa spiriti, akabandika kishikio, akakiacha kutwa nzima gundi ishike. Kesho yake kazini mpokea wagonjwa alimtazama akiingia, akaita kwa sauti, "Jamani, njooni muone, Lenzi ameota ndevu!"

Wiki za kwanza alikosea kila kinachoweza kukosewa. Siku moja alisahau kubonyeza. Siku nyingine alisahau kuzima, akarekodi dari ya chumba chake cha kazi mpaka betri ikakata roho. Sauti ilikuwa upepo mtupu, kama mtu anakaanga kitu kwenye mafuta mengi, akaizima. Mvua iliponyesha, matone yalikaa kwenye kioo cha kamera na barabara ikageuka rangi tupu. Hilo alilitatua mwenyewe: akakipaka ile dawa wanayopaka miwani ili maji yasikae, na tangu hapo mvua iliteleza kama kwenye jani la mgomba.

Na kila jioni alikuwa anavuna. Kwenye kompyuta alifungua faili akaliita Washenzi. Humo akaweka teksi iliyomsukumia ukingoni, basi lililosimama katikati ya njia, bwana mmoja aliyekuwa anapiga mswaki huku anaendesha. Alikuwa anajihisi vizuri, kama mtu anayekusanya kesi.

"Hebu na mimi nione," Mwalimu akasema jioni moja.

Lenzi akaunganisha waya kwenye televisheni, akamwekea ile ya basi. Mzee akatazama kimya, miwani puani, mikono juu ya fremu yake ya chuma. Dakika ya pili akainua kidole.

"Rudisha nyuma."

"Wapi, baba?"

"Hapo kabla hujalipita. Haya, acha iende. Umeona?"

"Nimeona limesimama vibaya."

"Silo. Kamera iko kidevuni. Kichwa kikigeuka, picha inageuka. Umehama njia nzima kwenda kulia, na picha haijageuka hata kidogo. Uliangalia saa ngapi nyuma yako?"

Lenzi akarudisha tena, akatazama. Picha ilikwenda mbele imenyooka kama reli. Akaweka ya jana yake. Akaweka ya juzi. Katika safari moja ya dakika arobaini alikuwa amehama njia mara tisa, na kichwa kimegeuka mara mbili.

"Lakini yule wa magodoro alinikatia kweli," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Alikukatia. Mimi sikusema hakukukatia." Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mwanangu, madereva nimeshafundisha wengi sana, na waliokufa wakiwa na haki yao mkononi nawajua kwa majina. Nilitaka ubaki hai. Sikulisema vizuri."

Lenzi aliinuka akachemsha chai, na alipoileta aliketi karibu zaidi kuliko alivyokuwa ameketi mwanzo.

Ikawa ndiyo desturi yao. Akirudi, akivua viatu tu, mzee anauliza, "Umeleta?" Mwanzoni ilikuwa ni masahihisho: unafuata gari kwa karibu, unaingia kona na mawazo, pale ulipaswa kupiga honi. Lakini Lenzi akaanza kugundua kwamba baba yake hatazami makosa tu. Anatazama mji.

"Kumbe wameweka taa pale! Nani amejenga hilo ghorofa? Ah, lile duka la vipuri limefungwa? Yule bwana alinikopesha plagi mwaka ule wa mvua." Akawa anatoa maagizo. "Kesho ukifika kwenye daraja, nenda taratibu, nataka kuona maji yamefika wapi." Siku moja akamwomba, huku akijifanya halina maana, apitie ule uwanja wa zamani wa shule ya udereva. Lenzi akapita, akazunguka mara mbili. Jioni waliona pamoja: pale palipokuwa na mapipa ya kujifunzia kurudi nyuma, sasa palikuwa pa kuoshea magari. "Angalau yanayooshwa ni magari," mzee akasema. "Yangeweza kuwa magodoro."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tukio lenyewe lilitokea asubuhi ya Jumanne, kwenye mtaa wa maghala, mahali ambapo Lenzi alipita kila siku.

Mbele yake, upande wa kushoto, alikuwepo mzee mmoja anayeuza mikate kwa baiskeli, kreti kubwa nyuma. Lori la taka likaanza kuwapita wote wawili. Lenzi akasikia kishindo, akaona baiskeli iko chini, mtu yuko chini, kreti imesagwa na tairi la nyuma, mikate imetapakaa barabarani. Lori likasimama hatua chache mbele.

Watu wa maghala wakatoka kama nyuki. Wengine wakamkimbilia muuza mikate, aliyekuwa ameshika mguu anapiga kelele. Wengi zaidi wakalikimbilia lori. Dereva, mwanamume mnene wa makamo mwenye ovaroli ya kijani, akateremshwa kwa nguvu, shati likachanwa, kofi la kwanza likatua. Lenzi akaegesha pikipiki akapenya katikati yao akipiga kelele wamwache, askari anakuja. Wakamwacha, shingo upande. Lakini askari alipokuja na kuuliza nani ameona, safari hii yupo aliyeona. Lenzi akanyoosha kidole.

"Lori limemgonga. Nilikuwa nyuma yao, nimeona kwa macho yangu. Na hii hapa," akagusa kidevu, "imerekodi yote."

Askari akaandika maelezo yake, akamwambia alete picha kituoni kesho asubuhi. Dereva akapandishwa kwenye gari la polisi. Alimtazama Lenzi kupitia kioo, wala si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kuelewa. Na Lenzi, aungame au asiungame, alijisikia vizuri. Hatimaye mmoja wao amekamatwa.

Jioni akamsimulia Mwalimu kishindo na yote, akamwekea picha. Mzee akatazama mara moja.

"Rudisha nyuma."

"Baba, hapa hakuna kosa langu."

"Rudisha. Polepole, ile ya picha mojamoja."

Kamera ilikuwa inapiga picha sitini kwa kila sekunde. Lenzi akazipitisha moja baada ya nyingine, kwa kidole. Katikati ya picha palikuwa na ubavu wa lori. Pembeni kabisa kushoto, pamepindwa kidogo na ukingo wa lenzi, alionekana muuza mikate. Mbele ya tairi lake palikuwa na kifuniko cha mtaro, cha nondo zilizolala kufuata barabara, na nondo moja haikuwepo. Picha moja, tairi la mbele liko juu ya kifuniko. Picha ya kumi, limezama hadi katikati. Ya ishirini, baiskeli imesimama na mzee wa watu anaruka juu ya usukani. Lori lilikuwa bado halijamfikia. Tairi la nyuma lilipanda juu ya kreti baadaye sana, kreti ikiwa tayari imelala barabarani.

Lenzi akaondoa kidole.

"Hapana. Mimi niliona, baba. Nilikuwa pale."

"Uliona baada ya kishindo. Tazama, picha yenyewe inakuambia ulikuwa unaangalia wapi. Kidevu chako kiko kwenye lori. Baiskeli inapoanguka, kidevu kiko kwenye lori. Kishindo ndicho kilichokugeuza. Macho yakakuta mtu chini na lori mbele yake, yakamalizia hadithi yenyewe."

Lenzi akapitisha zile picha mara nyingine, na nyingine, kana kwamba zitachoka na kubadilika. Hazikubadilika. Akamfikiria yule mtu wa ovaroli ya kijani, amekaa mahali fulani usiku ule kwa sababu ya kidole chake yeye. Akafikiria pia jinsi ilivyo rahisi kusema kadi imeharibika. Hakuna ambaye angejua. Akamtazama baba yake, na baba yake akatazama dirishani, akimwachia nafasi.

"Watanicheka," akasema.

"Watakucheka," mzee akakubali.

Asubuhi akapiga moyo konde akaenda. Mpelelezi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, meza yake imejaa mafaili. Mdogo wa muuza mikate alikuwepo pia, macho mekundu kwa kukesha hospitalini. Dereva aliletwa akaketishwa kwenye benchi, shati lake bado limechanika begani.

"Afande," Lenzi akaanza, "jana nilisema nimeona lori likimgonga. Naomba kubadilisha maelezo yangu. Nilisema nilichodhani."

Yule ndugu akasimama. "Umehongwa! Jana uliapa kwa macho yako, leo macho yamekwenda wapi?"

"Kaa chini," mpelelezi akasema. "Na wewe, nionyeshe."

Wakatazama kwenye kompyuta ya Lenzi. Ndugu yule hakuwa mjinga. Alikuwa fundi rangi na jicho lake lilikuwa zuri. "Kamera hizi zinapinda mambo," akasema. "Tazama ukuta ule wa ghala umekuwa kama upinde. Na lori linaonekana liko mbali na kaka yangu. Nani anajua kweli lilikuwa mbali?"

"Umesema kweli tupu," Lenzi akamjibu. "Hiki kioo kinadanganya umbali. Mimi nakata vioo, siwezi kukitetea. Nikikuambia lori lilikuwa mita mbili, usiniamini. Lakini hakiwezi kudanganya kipi kimetangulia. Usitazame umbali. Tazama tairi tu. Hesabu na mimi."

Akapitisha picha mojamoja. Fundi rangi akasogea, akasogea, mpaka paji lake likakaribia kugusa kompyuta. Tairi likazama. Akashusha pumzi, akakaa.

"Mwenyewe alisema usukani ulimtoroka," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Nilidhani ni dawa za maumivu zinaongea."

Mpelelezi alimkaripia Lenzi ipasavyo, kwamba maelezo ya polisi si soga za kibarazani, kisha akatuma mtu akapige picha kile kifuniko. Kabla ya adhuhuri dereva aliachiwa. Walikutana mlangoni.

"Dada, jana ulininyooshea kidole," dereva akasema.

"Nilikunyooshea. Nisamehe."

Akafikiri kidogo. "Ungekaa nyumbani leo, ningekuwa bado humo ndani." Akampa mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu kama mbao.

Mwenzake Lenzi wa mapokezi kazini, alipozisikia habari, alimshauri aiweke ile picha mtandaoni. Watu wangeitazama hadi wakeshe. Lenzi akakataa. Mtu ameanguka, anapiga kelele kwa maumivu, mkewe hajui kama atatembea, halafu wageni wakae wanaandika vichekesho chini yake? Badala yake alikwenda hospitali. Mke wa muuza mikate alimpokea kwa uso uliokunjwa, lakini mgonjwa mwenyewe, mguu umening'inizwa juu na plasta hadi pajani, alitaka kuiona.

Alitazama bila kupumua hadi sehemu ya kuanguka. Kisha mkate mmoja ukatoka kwenye kreti, ukabingirika, ukavuka barabara nzima, ukasimama taratibu upande wa pili. Muuza mikate akaanza kucheka, akashika mguu, akalia kwa maumivu, akacheka tena.

"Mwone yule! Amevuka salama kuliko mimi!"

Hata mkewe akacheka, akageukia ukutani. Kicheko kilipokwisha, mzee yule akasema jambo la maana. Kile kifuniko alikuwa anakijua. Kila siku alikikwepa. Siku hiyo alisikia lori nyuma yake, akawaza lori, akakisahau. "Mimi nitapona. Lakini leo asubuhi kuna mwingine amepita pale."

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia kazini rasmi. Katika zile picha za jioni alikuwa amehifadhi baadhi alizozipenda, kwa ajili ya kutazama mji tu, na moja ya wiki tatu nyuma ilionyesha mtaa wa maghala: nondo ilikuwa imeshatoka. Akaandika barua kwa ofisi ya barabara, kwa mwandiko wake wa kufundishia, akieleza kwamba nondo zinazolala kufuata barabara ni mtego wa tairi jembamba na zilipaswa kukatiza. Akaambatanisha picha sita. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Wiki ya tatu fundi rangi na dereva wa lori, watu ambao mwezi uliopita wangeng'oana meno, waliibeba nakala ya barua wakaenda kukaa pamoja kwenye benchi la ofisi ile hadi wakaitwa ndani. Vifuniko kumi na moja vikabadilishwa mtaa mzima, na ofisi ikakubali kugharimia matibabu ya muuza mikate.

Msimamizi wa yadi ya malori ya taka aliiomba ile picha awaonyeshe madereva wake. Akauliza pia ni nani aliyegundua jambo la tairi, maana polisi wenyewe hawakuliona. Lenzi akamwambia. Msimamizi akapiga simu: Mwalimu aje awafundishe, Jumamosi, saa tatu.

"Mimi sitoki," mzee akasema, akakata simu.

Ijumaa mlango ukagongwa. Alikuwa dereva wa lori, safari hii na shati zima, pamoja na mwenzake mrefu wa kushika mapipa.

"Shikamoo Mwalimu. Tumekuja kuzungumza habari ya ngazi."

"Marahaba. Ngazi hazizungumzwi. Ziko thelathini na nne."

"Sisi kila siku tunabeba mapipa ya kilo themanini, Mwalimu. Ghorofa ya nne, ya tano. Hatujawahi kuangusha hata moja."

Mzee akakaza macho. "Unaniita takataka nyumbani kwangu?"

"Hasha, Mwalimu. Takataka hazibishani."

Jikoni, Lenzi akaweka sufuria chini ili asikie vizuri. Kisha akasikia baba yake anacheka, kicheko cha chinichini kilichopanda hadi kikawa kikohozi. "Saa mbili na nusu," mzee akasema. "Na kiti kiwe na mikono. Sibebwi mgongoni kama mtoto."

Jumamosi walimshusha kwenye kiti chenye mikono, ngazi moja baada ya nyingine, naye akiwaelekeza kona kwa kona, punguza, nyoosha, sasa. Chini, majirani wawili walisimama kumsalimia. Alivuta hewa, akasema barabara inanuka vilevile.

Madereva kumi na sita walimsubiri yadini, televisheni imewekwa juu ya mapipa mawili. Alikusudia kufundisha nusu saa; alifundisha saa mbili. Alianza na makosa ya binti yake, bila huruma, Lenzi akiwa amekaa palepale safu ya nyuma na helmeti mapajani. Walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kuuliza. Mmoja, kijana wa ukingoni mwa benchi, akauliza kamera ya namna hiyo hufungwaje kwenye lori, na Lenzi akaitwa mbele kujibu: si juu ya dashibodi, itang'aa kwenye kioo; iwe juu, karibu na kioo chenyewe, na betri ichukue umeme wa gari. Msimamizi akaandika. Kabla hawajaondoka alikuwa ameshapanga Jumamosi nyingine, baada ya wiki mbili, na ya tatu, na akauliza kama waendesha baiskeli wa mtaa wa maghala nao wangekaribishwa.

Walimpandisha mzee kwenye lori, kiti cha mbele, kwa kuwa alikataa teksi. Alifunga mkanda mwenyewe, akaurekebisha, akamtazama dereva afunge wake. Lenzi akawasha pikipiki nyuma yao. Walipofika njia panda, badala ya kukunja kuelekea nyumbani, lori likawasha indiketa ya upande mwingine, ule wa barabara mpya inayozunguka mji. Mkono wa mzee ulitoka dirishani, ukionyesha mbele, ukieleza jambo refu. Lenzi akageuza kichwa, akaangalia nyuma, akaacha nafasi ya kutosha, akawafuata.